Picha Tunazopelekeana: Asili Iwekwe, Nakala Ipunguzwe

MAMBO YA NYUMBANI



Hapana nyumba siku hizi, ya tajiri wala ya maskini, illa ndani yake mna simu yenye kamera. Mtoto akizaliwa hupigwa picha; akihitimu chuoni hupigwa picha; ndoa ikifungwa, haji akirudi kutoka Makka, mzee akizuriwa kitandani, yote hupigwa picha. Na kabla ya adhana ya sala inayofuata, picha hizo zimekwisha fika Maskati, Dubai, London na Toronto, huko walikotawanyika jamaa zetu. Hii ni neema kubwa ya kuunga udugu. Walakini kila neema ina haki yake, na haki ya neema hii wengi wetu hatukufundishwa.

Kuhusu hukumu ya picha yenyewe wanavyuoni wamekwisha sema mengi, na wamekhitalifiana. Hatukusudii kuingia humo. Maneno yetu mwezi huu ni juu ya picha ambayo mtu amekwisha ipiga, au amekwisha pewa, na sasa ataka kumpelekea mwenziwe. Aipeleke kubwa kama ilivyo, au ndogo? Na akisha kuipeleka, je, ile iliyobaki kwake aifute?

Twaanza na jawabu, kisha tutaleta hoja zake. Jawabu ni hili: picha ya asili iwekwe kama ilivyo, isiguswe, itolewe nakala, nakala hiyo ndiyo ipunguzwe kwa kadiri ya kazi inayokusudiwa, na hiyo ndiyo ipelekwe. Anayepeleka asili kila mahali hufanya israfu. Na anayebakiwa na nakala tu, ilhali asili ameitupa, hupoteza amana. Khasara zote tutakazozitaja zatokana na moja katika makosa haya mawili.

Picha ya simu ni hisabu

Picha ya simu si wino juu ya karatasi, ni hisabu. Kamera hukigawa kile inachokiona katika nukta ndogo ndogo mno, ambazo mafundi huziita pikseli, nazo zimepangwa safu kwa safu kama vigae vya sakafu. Kila nukta huandikiwa tarakimu tatu: moja ya wekundu, moja ya ukijani, na moja ya ubuluu. Kwa tarakimu hizo tatu kioo cha simu huweza kuionyesha rangi yoyote.

Sasa na tupige hisabu. Picha ya simu ya kawaida ina nukta 4000 kwa upana na 3000 kwa urefu. Zidisha, utapata nukta 12,000,000. Kila nukta yataka baiti 3, basi picha moja yataka baiti 36,000,000, yaani megabaiti 36. Lakini ukiitazama picha hiyo ndani ya simu yako, aghlabu utaikuta ina megabaiti 3 au 4 au 5 tu. Zilizobaki zimekwenda wapi? Zimebanwa na simu yenyewe papo hapo ulipobonyeza, kabla hujaiona picha.

Hapa yapasa kupambanua mambo mawili ambayo watu huyachanganya. La kwanza ni kupunguza vipimo: kuifanya picha ya nukta 4000 kwa 3000 iwe ya nukta 1600 kwa 1200. Hili ni kama fundi aliyepewa kanzu ya baba akaambiwa ashone ya mtoto kwa mfano ule ule: mshono ni huo, nguo ni ndogo. La pili ni kubana: nukta hubaki idadi ile ile, lakini hisabu yake huandikwa kwa maneno machache. Hili ni kama kupepeta mchele: makapi huruka, chembe hubaki. Lakini apepetaye kwa pupa humwaga na mchele.

Elimu iliyo nyuma ya jambo hili

Huenda mtu akauliza: makapi ya picha ni yapi? Jawabu ni kwamba makapi ya picha ni yale ambayo jicho la mwanadamu haliyatambui. Kwa hiyo aliyetaka kubana picha alilazimika kwanza kujua jicho linaona nini na halioni nini. Elimu hii ya macho na mwanga si ngeni kwa Waislamu. Ibn al-Haytham, aliyezaliwa Basra takriban mwaka 965 na kufariki Kairo takriban mwaka 1040, aliandika kitabu cha juzuu saba, Kitab al-Manazir, akabainisha kwamba kuona ni kwa mwanga unaotoka katika vitu na kuingia jichoni, si kwa mwanga unaotoka jichoni kama walivyodhani wengi waliomtangulia.

Katika zama zetu, mtu aliyefungua mlango wa kubana picha ni Nasir Ahmed, aliyezaliwa Bangalore, Bara Hindi, mwaka 1940, kisha akawa mwalimu wa chuo kikuu Marekani. Mwaka 1972 aliomba fedha za kuichunguza rai yake, akanyimwa. Hakuiacha. Aliifanyia kazi pamoja na T. Natarajan na K. R. Rao, na Januari 1974 wakaitangaza katika jarida la wahandisi. Miaka 18 baadaye, yaani 1992, ilikubaliwa kanuni ya kubana picha iitwayo JPEG, ambayo imejengwa juu ya hisabu hiyo. Wangapi wetu huacha jambo la kheri kwa kunyimwa mara moja! Mtu huyu alinyimwa, na leo hapana siku ipitayo ila simu zetu zatumia kazi ya mkono wake.

Kazi yenyewe ni hivi. Kwanza, mwanga wa picha hutengwa na rangi zake, kwani jicho hutambua tofauti ya mwanga na kivuli kwa ukali zaidi kuliko tofauti ya rangi. Basi mwanga huandikwa kwa ukamilifu, na rangi aghlabu kwa ufupi. Pili, picha hukatwa miraba midogo ya nukta 8 kwa 8, jumla nukta 64, na kila mraba huandikwa kama mchanganyiko wa mawimbi: mengine mapana yageukayo polepole, kama anga au ukuta mweupe, mengine membamba yageukayo kwa haraka, kama unywele au ukingo wa herufi. Tatu, tarakimu za mawimbi hayo hukadiriwa, na yale membamba hukadiriwa kwa ukali zaidi. Mengi yake huwa sifuri na kutupwa. Hapa ndipo picha inapopoteza kitu, na kilichotupwa hapa hakirudi. Mwisho, tarakimu zilizobaki hufungwa pamoja kwa ufupi, bila ya khasara yoyote nyingine.

Tumeyaeleza haya kwa sababu yote tutakayoyasema baadaye yametoka humo.

Tui la tatu

Kila mama wa nyumbani ajua kwamba nazi ikunwayo hutoa kwanza tui zito, kasimile. Akitia maji akakamua mara ya pili, tui huwa jepesi. Mara ya tatu huwa maji meupe tu, na aliyeyapika kwa mchuzi wa samaki wageni wake watayajua. Hapana mpishi anayeweza kulichukua tui la tatu akalirudisha liwe kasimile.

Picha ni vivyo hivyo. Kila ibanwapo upya, na kuandikwa upya, hutupa kitu kingine. Mtu humpelekea nduguye picha kwa WhatsApp, nayo programu hiyo huipunguza na kuibana ili isafiri upesi. Ndugu huikata pembeni na kuiandika upya. Mwingine huipiga picha ya skrini badala ya kuipeleka yenyewe. Wa nne huitia katika mtandao mwingine, nao huibana kwa kanuni zake. Imepita mikono minne, na kila mkono umekamua. Utaona miraba miraba katika mashavu ya mtu, na vumbi kando ya kilemba chake.

Na hii hapa ni khabari inayojirudia katika majumba mengi. Mzee hufariki, Mwenyezi Mungu amrehemu. Baada ya siku za msiba watoto hutaka kuwaonyesha wajukuu, ambao hawakumwahi, uso wa babu yao. Simu iliyompiga picha ile nzuri siku ya Idi imekwisha uzwa, au ilitumbukia majini, au picha zake zilifutwa ili ipatikane nafasi. Kilichobaki ni nakala ndogo katika kikundi cha jamaa, iliyopita mikono mingi, na uso wa mzee waonekana kama mtu aliye nyuma ya pazia. Wote walikuwa na picha hiyo, na hapana aliyeiweka. Kila mmoja alidhani asili iko kwa mwenzake.

Wengine hukimbilia programu za siku hizi zinazodai kuisafisha picha na kuirudisha ukali wake. Na wajue ukweli wa programu hizo. Hazirudishi kilichotupwa, kwani kilichotupwa hakipo, hubuni. Hutazama nyuso nyingine nyingi zilizofunzwa, kisha huchora jicho na kope na ndevu zinazoelekea kufaa. Picha itakuwa kali, naam, lakini ukali huo si wa babu. Ni wa kubuniwa. Mjukuu ataukariri moyoni uso ambao hapana aliyepata kuuona.

Khasara ya upande wa pili

Sasa na tugeukie kosa la pili, la anayepeleka kila kitu kwa ukubwa wake wote. Huyu huipeleka picha kama faili, au kwa barua pepe, au huiweka mahali penye kuchukuliwa na watu, bila ya kupunguza hata chembe.

Chukua mfano wa harusi. Bwana amepiga picha 60, kila moja ina megabaiti 4. Jumla megabaiti 240. Jamaa waliomo katika kikundi ni 50. Wakizichukua wote, zimepita megabaiti 12,000, na kila moja imelipiwa kwa bando la mtu: na mwenye mshahara, na mwanafunzi, na mjane anayenunua bando la siku moja ili amsikie mwanawe tu. Lau picha hizo zingepunguzwa hata kila moja ikawa kilobaiti 400, jumla yake ingekuwa megabaiti 24, na kwa watu 50 megabaiti 1,200. Bwana harusi amewatoza jamaa zake mara kumi ya kilichohitajika, wala hakukusudia.

Na wamepata nini kwa zile kubwa? Kioo cha simu nyingi kina nukta milioni mbili au tatu tu. Picha ya nukta milioni 12 ikifika hapo, simu yenyewe huipunguza ili ienee. Ni kama kumtilia mtu ndoo ya maji katika kikombe: kikombe hujaa, na yaliyobaki humwagika. Nasi tumekatazwa israfu hata katika maji ya udhu. Sembuse katika mali ya mwenzetu!

Tena simu ya mpokeaji hujaa. Ikijaa hufuta, na afutaye kwa haraka hafuti kwa kuchagua. Mara nyingi picha za asili za mwanawe ndizo zinazofutwa ili zipate nafasi picha za harusi ya mtu wa mbali. Kwa hiyo israfu ya mmoja huwa ni kupotea amana ya mwingine. Ndiyo maana twamshauri kila mtu azuie simu yake isijichukulie picha za vikundi yenyewe. Katika mipangilio ya WhatsApp, sehemu ya hifadhi na data, jambo hilo huondolewa, na mtu akachukua aitakayo tu.

Kadiri ya kila kazi

Mizani ni moja: jiulize picha yaenda kufanya kazi gani.

Ikiwa ni ya kutazamwa katika simu na kusemwa mashallah, nukta 1600 kwa upande mrefu zatosha kabisa. Picha ya nukta 1600 kwa 1200 ina nukta 1,920,000, ambazo hazifiki hata sehemu moja katika sita za ile ya kwanza, na mtazamaji hataona upungufu.

Ikiwa ni ya kupelekwa kwa barua pepe, punguza vivyo hivyo, kwani Gmail hairuhusu kupeleka viambatisho vinavyopita megabaiti 25 katika barua moja; picha saba za megabaiti 4 zishapita mpaka huo.

Ikiwa ni ya kuchapwa karatasini, hisabu hubadilika. Mchapaji mzuri hutaka nukta 300 kwa kila inchi. Picha ndogo ya inchi 6 kwa 4 yataka nukta 1800 kwa 1200. Lakini ukurasa mzima wa A4 wataka takriban nukta 3508 kwa 2480. Basi ile nakala ya simu haiwezi kazi hiyo, na hapo ndipo utakapoitafuta asili. Mpelekee mchapaji asili, kwa faili, bila ya kupunguza chochote. Hapa ukubwa si israfu, ni haja.

Wala usijaribu kuikuza nakala ndogo iwe kubwa. Kukuza hakuongezi khabari. Huongeza nukta tupu tu.

Karatasi zenye maandishi

Lipo jambo moja tunalotaka lisomwe kwa makini, nalo ni picha za hati: hati ya shamba, cheti cha kuzaliwa, cheti cha ndoa, wasia, risiti, maandishi ya deni. Sote twajua kwamba aya iliyo ndefu kupita zote katika Qur'ani, aya ya 282 ya Suratul Baqara, yahusu kuandikiana madeni, na hekima yake ni kuondoa shaka baina ya watu. Basi ni ajabu tukiandika kwa uangalifu, kisha tukapelekeana picha yenye kurudisha shaka.

Tulisema kwamba kubana huyatupa kwanza yale yageukayo kwa haraka. Na nini kigeukacho kwa haraka kuliko ukingo wa herufi, ambapo weusi wa wino wakutana ghafla na weupe wa karatasi? Kwa hiyo picha ya uso wa mtu huvumilia kubanwa, na picha ya maandishi haivumilii. Tarakimu 3 hufanana na 8, na 1 na 7. Muhuri huwa doa. Ndugu aliye ng'ambo aliyeombwa atie sahihi juu ya mpaka wa shamba la urithi hasomi mpaka, asoma ukungu. Magomvi ya warithi yana sababu nyingi za kutosha. Tusiyaongezee na hii.

Njia njema ni hii. Laza karatasi mahali penye mwanga wa mchana, simu iwe juu yake sawasawa, isiinamishwe. Kata kando zote za meza zisizo na kazi. Usipunguze vipimo. Kisha ipeleke kama faili la hati, si kama picha, ili programu isiibane. Tangu Agosti 2023 WhatsApp imeweka pia khiari ya kupeleka picha kwa ubora zaidi. Ni afadhali kuliko desturi yake ya zamani, lakini kwa hati faili ni bora. Na ikiwa ni picha ya skrini yenye maandishi, iandikwe kwa namna iitwayo PNG, ambayo hubana bila ya kutupa kitu.

Namna ya kufanya

Wengi huogopa kwa kudhani kazi hii ni ya mafundi. Si kweli, ni kazi ya dakika mbili, ikifuatwa kwa utaratibu wake.

Kwanza, toa nakala, uipe jina jingine, na asili uiache. Pili, kata yasiyohitajika, kwani kila kilichokatwa ni uzito uliopungua. Tatu, punguza vipimo, ukihifadhi uwiano wa upana na urefu ili nyuso zisirefuke wala zisitanuke. Nne, ibane mara moja tu. Programu nyingi huonyesha ubora kwa tarakimu hata 100. Baina ya 75 na 85 pafaa kwa picha za watu na mandhari, na chini ya 50 miraba aghlabu huanza kujidhihirisha. Tano, ikiwa hukuridhika, usiirudie nakala ile kuitengeneza tena. Irudie asili, utoe nakala mpya. Usikamue tui la pili ilhali nazi ungali nayo.

Ama vyombo vya kazi hii, vipo bila ya gharama. Kompyuta ya Windows ina Paint, na ya Apple ina Preview, na zote mbili zina sehemu ya kubadili ukubwa. Mwenye iPhone apelekaye picha kwa programu ya barua ya simu hiyo huulizwa aipeleke ndogo, ya kati au kubwa. Mwenye picha nyingi, kama za harusi, atumie IrfanView, inayoweza kupunguza mamia ya picha kwa amri moja. Programu hii ilitolewa mwaka 1996 na Irfan Škiljan, kijana wa Jajce katika Bosnia, akaipa jina lake, na kwa matumizi ya nyumbani huitoa bure hata leo. Jina Irfan na neno letu maarifa vimetoka katika shina moja la Kiarabu. Na mwenye maarifa asiyeyafungia huendelea kuombewa.

Ruhusa na stara

Usimpelekee mtu picha ya mwingine bila ya idhini ya mwenye picha. Tumefundishwa katika Suratun Nur, aya ya 27, tusiingie nyumba za watu mpaka tuombe idhini. Picha ya ndani ya nyumba ni mlango wa nyumba: aonyeshwaye amekwisha ingia. Mabinti zetu walipigwa picha arusini wakiwa baina ya wanawake wenzao, wamejiachia. Picha hiyo ikipelekwa kikundini imevunja stara ambayo mlango na pazia viliilinda. Mgonjwa kitandani naye ana haki hiyo, na maiti zaidi. Kupunguza picha hakuondoi jambo hili, kwani picha ndogo hukimbia upesi zaidi kuliko kubwa.

Tena iko khabari iliyofichika ndani ya picha. Simu huandika humo siku na saa, na namna ya simu, na mara nyingi mahali penyewe ilipopigwa, kwa vipimo vya ramani. WhatsApp huyaondoa maandishi hayo unapopeleka kwa njia ya picha. Lakini ukipeleka kama faili, huenda nayo. Basi anayempelekea mtu asiyemjua picha ya mtoto kwa njia ya faili amempa pengine na njia ya kufika nyumbani kwa mtoto huyo. Dawa yake ni nyepesi: katika mipangilio ya simu, izuie kamera isijue mahali. Na ukitaka kuficha jina au nambari katika hati, ifunike kwa rangi nzito kabisa. Usiipitishie kalamu nyepesi, kwani mwenye kuongeza mwanga wa picha aweza kusoma chini yake.

Asili iwekwe wapi?

Tumesema asili iwekwe. Isiwekwe katika simu peke yake, kwani simu huibiwa, huanguka, na huzeeka upesi. Iwekwe mahali pawili: katika kompyuta au diski ya nje nyumbani, na nakala kamili ya hiyo katika nyumba ya ndugu mwingine. Wanaotumia hifadhi za mtandaoni watazame mipangilio yake: Google Photos, kwa mfano, ina khiari ya kuweka asili na khiari ya kubana ili kuokoa nafasi, na tangu tarehe 1 Juni 2021 zote mbili huhisabiwa katika gigabaiti 15 anazopewa mtu bure. Picha za megabaiti 4 zitakazoenea humo ni 3,750, nazo ni chache kuliko zinavyoonekana.

Na asiwekewe mtu picha elfu kumi. Katika kila shughuli chagueni zile bora, ishirini au thelathini. Zilizobaki, zilizotikisika na zilizorudiwa, zifuteni. Kisha kila jamaa imteue mtu mmoja mwaminifu, kijana mwenye ujuzi au shangazi mwenye subira, awe ndiye mwenye kuweka asili za ukoo mzima, na kila mmoja ajue kwamba ziko kwake. Mara moja kwa mwaka, pengine baada ya Idi, afungue zote mbili aone kama zafunguka. Kazi hiyo ndogo ya saa moja ndiyo itakayowaokoa siku watakapozihitaji.

Basi, ndugu zetu, kabla ya mwezi huu kwisha, kila mmoja wenu na afanye jambo moja: aitafute picha iliyo nzuri kupita zote ya mama yake, au baba yake, au mzee yeyote aliye hai katika nyumba yao, na ahakikishe kwamba asili yake ipo, iko mahali pawili, na haikuguswa. Asiyeiona kwake amwulize aliyepiga, leo, maadamu simu ile ingali ipo na mwenyewe yu hai. Kisha zile za kupelekeana na azipunguze kwa kadiri, asiwalemee jamaa zake.

Mwenyezi Mungu azihifadhi nyumba zetu na stara zake, awarehemu waliotutangulia, na atujaalie kuwa ni watu wa amana katika makubwa na madogo. Amin.

Wabillahi tawfiq.